Kisangani: mji uliopigwa mara nyingi, na ungali unacheza

Ukimwuliza mtoto wa kartie yako, hapo Likasi, Kolwezi, Kipushi ao Kamituga: "Kisangani unaijua juu ya nini?", pengine atakujibu: "Juu ya almasi." Mwingine atasema: "Juu ya vita." Mzee atakumbuka Lumumba. Mama mfanya-biashara atakumbuka mchele na samaki. Wote wamesema kweli, lakini kila mmoja ameshika kipande tu. Mji ni watu wanaoamka alfajiri, wanaovuka mto, wanaofungua duka, wanaopeleka watoto masomoni, na siku ya yenga alasiri wanakwenda kiwanjani kutazama mpira.

Mwezi huu tunapenda kukutembeza Kisangani. Utasema: "Kisangani iko mbali, inanihusu nini?" Ngoja kidogo. Sisi watu wa migodi na wao wa Kisangani tuko na swali moja. Mali inatoka katika udongo wetu. Inaacha nini mikononi mwetu? Na siku mali ile inapoleta taabu, ni kitu gani kinachoshika watu pamoja wasitawanyike?

Jina lake na komini zake

Kisanga ni kisiwa. Kisangani, basi, ni kusema "penye kisiwa". Mwezi wa 12 mwaka 1883 Stanley aliacha pale kituo chake, karibu na maporomoko ya mto. Wazungu wakaita Stanley Falls, halafu Stanleyville. Wenyeji wao waliendelea kusema Boyoma ao Kisangani, na mwaka 1966 Serikali ikalirudisha jina hilo kwenye karatasi zake. Hata leo ukimsikia mtu anajisifu kwamba yeye ni mwana wa Boyoma, ujue anatoka kule.

Kiswahili chetu nacho kina historia pale. Kilifika pamoja na wafanya-biashara wa pembe na wa watumwa kutoka upande wa mashariki. Mkubwa wao, Tippu Tip, aliwekwa na mfalme Leopold kuwa gavana wa Stanley Falls mwaka 1887. Ni jambo la huzuni, maana njia ile ya lugha ilikuwa pia njia ya minyororo. Lakini watu walichukua lugha, wakaifanya yao. Leo katika soko la Kisangani utasikia Kiswahili na Lingala vinapishana kinywani mwa mtu mmoja, bila hata yeye kufahamu amevuka.

Mji uko na komini sita: Makiso, Tshopo, Mangobo, Kabondo, Kisangani na Lubunga. Tano ziko upande wa kuume wa mto. Lubunga peke yake iko ngambo ya pili, na hakuna daraja juu ya mto Kongo pale. Kila asubuhi wanafunzi, walimu, wagonjwa na wauza-mboga wa Lubunga wanapanda mitumbwi kuja mjini, jioni wanarudi. Mvua kubwa ikinyesha, masomo yanakosa watoto. Wewe unayelalamika kwamba basi limekawia, fikiri mama yule anayeshika mtoto mkono mmoja na beseni ya sombe mkono wa pili, mtumbwini.

Mto Tshopo nao unapita kaskazini. Una bwawa linaloupa mji umeme, lakini mitambo yake imezeeka na giza si kitu kigeni kwa watu wa Kisangani. Na juu ya mto Kongo wenyewe yako maporomoko saba, yanayoanza Ubundu na kumalizika Kisangani. Mashua haiwezi kuyapita. Ndiyo maana Wabelgiji walijenga njia ya reli ya kilometre 125 kati ya Kisangani na Ubundu, ikafunguliwa mwaka 1906. Pale kwenye poromoko la mwisho wanakaa Wagenia. Wanasimamisha miti mirefu katikati ya maji makali, wanaifunga kwa kamba za porini, halafu wanatundika mitego mikubwa ya kusuka inayofanana na faneli. Maji yanasukuma samaki ndani. Kila jamaa ina mahali pake, urithi wa baba na babu. Si kazi ya mtu mmoja: mti mmoja haupandishwi bila mikono mingi, na anayeteleza anategemea mwenzake kumshika. Likumbuke neno hilo, tutalirudia.

Mji wa vikundi

Kisangani ni mji wa watu wanaopenda kukutana. Patrice Lumumba alifika pale kijana, akafanya kazi katika posta. Kabla ya siasa alijifunza kusema mbele ya watu kwa njia ya vikundi: kikundi cha wafanyakazi wa posta na kikundi cha wasomi weusi wa Stanleyville. Kuandika barua ya mkutano, kuhesabu michango, kumpa mwenzio nafasi ya kusema, kupiga kura: masomo ya utawala aliyapata katika mambo madogo kama hayo. Mwaka 1958 alianzisha pamoja na wenzake chama cha MNC. Mwaka 1959 walifanya mkutano mkubwa Stanleyville. Ghasia zikatokea, watu wakapigwa risasi, naye akafungwa. Miezi michache baadaye alitolewa gerezani ili aende Brussels kwenye Meza ya Duara.

Wewe wa Katanga unajua mwisho wake, maana ulikuwa kwetu: aliuawa tarehe 17 mwezi wa 1 mwaka 1961, pale Shilatembo. Mwaka 2022 Ubelgiji ulirudisha jino lake, kitu pekee kilichobaki cha mwili wake. Sanduku lile lilipitishwa Kisangani pia, na mji ukamlilia kama mtoto wake.

Mwaka 1963 Waprotestanti walifungua Chuo Kikuu pale. Leo kinaitwa UNIKIS. Vijana wanatoka mbali kuja kusoma. Chuo kinajulikana sana juu ya masomo ya msitu, ya mimea na ya wanyama, na hiyo inafaa, maana mji wote umezungukwa na msitu mkubwa. Kanisa Katoliki nalo lina Kathedrali yake kandokando ya mto. Askofu Mkuu wa Kisangani tangu 1988 mpaka 2007 alikuwa Laurent Monsengwo, yule aliyeongoza Mkutano Mkuu wa Taifa wa miaka ya 1991 na 1992. Haki za watu zinateteawa pia na vikundi vya raia kama Groupe Lotus. Katika mji ule kusema ukweli kulikuwa na bei, na wako walioilipa.

Kinga iliyobeba mji

Sasa tuseme juu ya toleka. Neno hili ni la Lingala, maana yake "tupite". Ni kinga, ni kusema baiskeli, yenye kiti cha sponji nyuma. Wakati barabara zilipokufa, mafuta yakakosekana, magari yakaharibika na kuibwa, Kisangani haikusimama. Vijana walichukua kinga zao wakaanza kubeba watu: mama anayekwenda sokoni, mgonjwa anayekwenda hospitali, mwanafunzi wa Chuo, hata karani wa Serikali na tai yake shingoni. Katika miaka ya vita toleka ilikuwa kama damu ya mji.

Nani waliendesha? Vijana wasio na kazi, ndiyo, lakini wanafunzi pia, hata walimu ambao mshahara wao haukufika. Mtu alipiga pedali asubuhi ili apate kulipia masomo ya jioni. Walijifanyia vikundi, wakaweka sheria zao, wakasaidiana mwenzao alipoanguka ao alipofiwa. Hakuna aliyewafundisha siasa ya mji. Waliigundua wenyewe juu ya matairi mawili.

Baadaye pikipiki zikaja kutoka Asia, zikajaa mjini kama vile zilivyojaa kwetu. Kinga nyingi zikasukumwa pembeni. Pikipiki ni mbio, ni kweli, lakini inakula mafuta na inavunja miguu. Wako wazee wanaosema kwamba siku za toleka mji ulikuwa maskini, lakini watu walisalimiana njiani. Tusikatae pikipiki. Tusisahau tu kwamba mji ule ulipoachwa na wote, ulijibeba kwa miguu ya watoto wake.

Siku ya yenga kiwanjani

Haya, twende mpirani! Kisangani bila mpira si Kisangani. Watoto wanaanza na ndembo: mpira wa matambara uliofungwa kwa kamba ao kwa mpira wa tairi. Wasichana wanaruka nzango mbele ya nyumba, mguu kwa mguu, makofi na nyimbo. Halafu ziko ekipe za kartie, na mashindano ya wakati wa vakansi. Juu yake ziko klabu za mji zinazocheza chini ya Entente ya mji, EUFKIS. Na juu kabisa ziko zile zinazopanda kucheza mashindano ya taifa, Linafoot: TS Malekesa, AS Nika, AS Makiso. Kiwanja kikubwa kinaitwa kwa jina la yule karani wa posta: Uwanja wa Lumumba.

Wewe uliyezoea TP Mazembe, pengine unacheka: "Malekesa? Nika? Wamekwisha kushinda nini?" Usicheke haraka. Fikiri vema. Mazembe yenyewe ilizaliwa mwaka 1939, mikononi mwa wamonaki Wabenedikto waliotaka kuwapa wanafunzi wao wa Élisabethville mchezo. Ilishika kombe la mabingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968, halafu ikakaa zaidi ya miaka 40 bila kulishika tena kombe lile mpaka 2009. Mji wa shaba una kampuni, una matajiri, una ndege. Ekipe zetu nyingi za migodi zilikula mezani pa kampuni. Siku kampuni ilipougua, nazo zikakonda. Wewe unazijua majina yake.

Kisangani haikuwa na meza kama ile. Klabu inaishi na mchango wa mwana-kamati, wa mwuza-duka, wa mpenzi anayetoa franga kidogo kidogo. Tazama tena safari. Ekipe ya Kisangani ikipaswa kucheza Lubumbashi, inaenda kwa ndege, na tiketi za watu 20 na zaidi ni makuta mengi. Kwenda Kinshasa kwa mto ni kilometre 1,700 na zaidi. Ni siku nyingi, pengine majuma. Ndiyo maana mara nyingi wakubwa wa Linafoot wamegawanya mashindano katika kanda, mashariki na magharibi, ili gharama ipungue. Hata hivyo ekipe nyingi zinashindwa katika kutafuta tiketi kabla ya kushindwa katika mpira. Basi klabu ya Kisangani inayofika uwanjani na wachezaji 11 na jezi za rangi moja imekwisha kushinda mechi ya kwanza.

Na mpira unafanya kazi gani mjini? Kwanza, unachanganya watu. Kwenye ukuta wa kiwanja, Mlokele anakaa karibu na Mtopoke, Mkumu karibu na Mswahili, wote wanapiga kelele juu ya goli moja. Pili, unawapa vijana saa, sheria na mkubwa wa kutii. Kijana anayejua kwamba koshi atamwuliza "Jana ulikuwa wapi?" si rahisi kuchukuliwa na kila mwenye bunduki ao mwenye pesa za siasa. Tatu, unafundisha kushindwa. Hilo ni somo gumu kuliko yote. Tumeona katika viwanja vya inchi yetu mawe yanarushwa, refa anakimbizwa, watoto wanakanyagwa mlangoni. Mpenzi wa mpira anayerusha jiwe, Malekesa ao Mazembe, hajui mpira. Anajua hasira tu. Baba, usimpeleke mtoto kiwanjani kumwonyesha hasira yako.

Na jambo la nne, la hatari: viwanja vinaliwa. Katika miji yetu mingi, mahali pa kuchezea panakatwa vipande, panauzwa, panajengwa duka. Mtu mmoja anapata nyumba, watoto 100 wanapoteza mahali pa jioni. Halafu tunashangaa kwamba wako barabarani!

Almasi na siku sita

Sasa tuje kwenye jambo zito. Tungeweza kuliacha, maana linaumiza, lakini jamaa ya migodi inapaswa kulijua.

Mwaka 1982 Serikali iliruhusu raia kuchimba na kuuza dhahabu na almasi. Kisangani, iliyozungukwa na mito yenye almasi, ikajaa manunuzi: nyumba zenye rangi kali, zenye picha za almasi ukutani na majina ya matajiri. Wachimbaji walishuka kutoka msituni na kijiwe ndani ya karatasi, wakarudi na redio, ao na deni. Je, barabara ziliongezeka? Hospitali? Umeme? Wewe wa migodi unajua jibu bila kuambiwa.

Mwezi wa 8 mwaka 1998 vita vya pili vilianza, na Kisangani ikaingia mikononi mwa waasi na ya majeshi mawili ya kigeni yaliyowasaidia: ya Rwanda na ya Uganda. Walikuwa marafiki walipokuja. Lakini mji wenye almasi hauna nafasi ya wakubwa wawili. Walipigana ndani ya mji mwezi wa 8 mwaka 1999, halafu mwezi wa 5 mwaka 2000, na mara ya tatu, mbaya kuliko zote, tangu tarehe 5 mpaka 10 mwezi wa 6 mwaka 2000. Watu wanaiita Vita ya Siku Sita.

Mabomu yalirushwa juu ya vichwa vya raia, kutoka upande huu wa mto Tshopo na upande ule. Umeme na maji vilikatika. Watu walijificha chini ya vitanda bila chakula, wengine wakazika watoto wao uani. Baadaye wachunguzi wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba raia waliouawa walikuwa kati ya 244 na 760, na waliojeruhiwa zaidi ya 1,000. Nyumba zaidi ya 400 ziliharibiwa. Mabomu hayakuheshimu masomo, hospitali, wala Kathedrali ya Bibi Yetu. Na sikia hili: katika mapigano yale ya wakubwa wawili wa kigeni, mwenyeji hakuwa na jeshi upande wo wote. Alikuwa na paa la mabati tu juu ya kichwa chake.

Mji ulikuwa umeona mengine mbele: uasi wa Simba mwaka 1964, maasi ya askari mwaka 1966 na 1967, unyang'anyi wa miaka ya 1990. Na mengine yakafuata: mwezi wa 5 mwaka 2002 askari na raia waliuawa kwa wingi baada ya maasi mengine, na miili ikatupwa mtoni kutoka daraja la Tshopo. Ndiyo maana watu wanauita Mji Shahidi.

Haki inayokawia

Tarehe 16 mwezi wa 6 mwaka 2000 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilisema kwamba Uganda na Rwanda zilipe kwa watu waliokufa na mali iliyoharibika Kisangani. Maneno mazuri! Lakini maneno hayajengi mguu uliokatwa. Kongo ilikuwa imepeleka mashtaka kwenye Korti ya Kimataifa ya Haki, kule La Haye, tangu mwaka 1999. Juu ya Rwanda, Korti ilijibu mwaka 2006 kwamba haina ruhusa ya kusikiliza. Juu ya Uganda, mwaka 2005 ilisema wazi: Uganda ina makosa, inapaswa kulipa. Lakini ilipe kiasi gani? Jibu lilikuja tarehe 9 mwezi wa 2 mwaka 2022: dola milioni 325. Kati yake milioni 225 ni juu ya watu, milioni 40 juu ya mali iliyoharibiwa, na milioni 60 juu ya utajiri wa udongo na msitu uliochukuliwa. Kongo ilikuwa imeomba zaidi ya milioni 11,000. Uganda ikapewa ruhusa ya kulipa kwa mara tano, dola milioni 65 kila mwaka, kuanzia 2022.

Tangu mabomu mpaka hukumu, hesabu mwenyewe: miaka karibu 22. Mtoto aliyezaliwa siku ile alikuwa amekwisha kupata mtoto wake.

Katikati ya miaka hiyo, mwaka 2018, kundi la watu waliokatwa miguu na mikono siku zile sita walichoka kungoja. Walipanda bato, na magongo yao na miguu ya mbao, wakashuka mto Kongo mpaka Kinshasa kugonga mlango wa wakubwa. Kijana wa Kisangani, Dieudo Hamadi, alikwenda nao na kamera yake. Sinema yake, "En route pour le milliard", ilitoka mwaka 2020 na kuchaguliwa na festivali kubwa ya Cannes, Ufaransa. Watu wale hawakupewa walichotafuta katika safari ile. Lakini tangu siku hiyo hakuna awezaye kusema: "Hatukujua."

Serikali imeweka mfuko wa kugawa fedha za Uganda, unaoitwa FRIVAO, na makao yake ni Kisangani. Lakini manung'uniko hayakukawia: liste za majina, watu wanaongoja, fedha zinazokwenda mahali pengine. Mwaka 2025 Waziri wa Haki, Constant Mutamba, alijiuzulu juu ya karibu dola milioni 20 zilizotolewa kwa kujenga gereza Kisangani, fedha zilizosemwa kwamba zilitoka katika mfuko ule. Mwezi wa 9 Korti ya Kasasyo ilimhukumu miaka mitatu ya kazi ngumu. Yeye alikana kosa lake. Msomaji, hatuandiki haya ili tumcheke mtu. Tunayaandika kwa sababu mjane wa mwaka 2000 angali anangoja, na kila dola inayopotea njiani ni yake.

Mji ungali unacheza

Je, Kisangani imekufa? Hapana! Faustin Linyekula, aliyezaliwa Ubundu mwaka 1974 na kukomea Kisangani, angeweza kubaki Ulaya na michezo yake ya dansi. Alirudi, na kikundi chake, Studios Kabako, kikafanya kazi Kisangani, kikiwafundisha vijana dansi, muziki na sinema. Hamadi naye, mbele ya safari ya vilema, alitengeneza mwaka 2014 sinema juu ya wanafunzi wa Kisangani wanaojitayarisha kwa Egzame ya Serikali. Walifukuzwa masomoni kwa kukosa malipo ya walimu, wakatafuta nyumba, wakajifunza wenyewe usiku kucha. Kila jamaa yenye mtoto wa mwaka wa 6 itajiona ndani yake.

Mapigano ya Wambole na Walengola juu ya udongo, yaliyoanza mwaka 2023 upande wa Lubunga, yaliwasukuma maelfu ya wakimbizi mjini. Jeraha jipya juu ya kovu la zamani! Lakini Kisangani, iliyojua kukimbia, ilijua pia kupokea.

Tujifunze nini?

Tuwarudie Wagenia katika maji yao makali. Mti hausimami kwa nguvu ya mmoja. Almasi ilikuja Kisangani kwa wingi, ikaondoka. Majeshi yalikuja, yakaondoka. Mabwana wakubwa waliahidi, wakaondoka. Vilivyobaki ni vile watu walivyovishika pamoja: mtumbwi wa Lubunga, kikundi cha toleka, ekipe ya kartie, kikundi cha vilema waliokataa kunyamaza, darasa la usiku. Vitu vidogo. Lakini juu ya vitu hivyo mji ulisimama.

Sisi wa shaba, wa kobalti na wa dhahabu, leo tuko katika mbio. Magari makubwa yanapita usiku na mchana, bei inapanda, vijana wanaacha masomo kushuka mashimoni. Ni vizuri kula jasho lako. Lakini siku bei itakaposhuka, ao shimo litakapofungwa, kartie yako itashikwa na nini? Usingoje siku ile ndipo uanze kutafuta.

Basi jioni hii, baada ya kula, baba na mama, zungumzeni na watoto:

Katika kartie yetu, watoto wanachezea wapi? Nani analinda mahali pale pasiuzwe?

Tuko ndani ya kikundi gani? Michango yake inahesabiwa mbele ya wote, ao ndani ya mfuko wa mmoja?

Tunapokwenda mpirani, watoto wanajifunza nini kwetu siku ekipe yetu inaposhindwa?

Je, tunamjua mtu karibu nasi anayengoja haki yake kwa miaka mingi: mjane wa mgodi, mfanyakazi asiyelipwa, kilema? Tumemfanyia nini, zaidi ya kumhurumia?

Zungumzeni bila haraka. Na kama una jamaa Kisangani, mwandikie, ao mpigie simu. Muulize kwanza juu ya afya yake, halafu juu ya Malekesa. Utaona namna atakavyofurahi!